Chini ya Shimo la Hewa

Euro ishirini na tatu kwa usiku. Maji ya moto yamo,
umeme umo, mwenye nyumba hayumo:
yumo kwenye simu, kikohozi na haraka,
ananitajia tarakimu nne za kisanduku cha ufunguo
kilichofungwa kwa mnyororo kwenye mlingoti wa taa.

Ndivyo nilivyoingia Kipseli, jijini Athene,
chumba kimoja kilichojitia kuwa vinne:
kitanda hukunjuka kutoka ukutani
kama ulimi wa mgonjwa mbele ya daktari,
na ukijipaka sabuni bafuni
kiwiko kinazima taa ya jikoni.

Nimetoka Kozani. Mgodi wa makaa umefungwa,
na sisi wa mgodini tunafunzwa upya.
Mimi nimepangiwa wiki tatu, ufundi wa lifti.

Lifti ya jengo hili imekwama ghorofa ya tatu tangu Pasaka.

Mbele, usawa wa dari yangu, zinapita tairi
za pikipiki za chakula, na viatu, viatu, viatu,
na Ijumaa soko linatandikwa barabarani,
muuza dagaa akiapa kwa mama yake
kwamba hawa walikuwa hai alfajiri.
Nyuma kuna shimo la hewa, ghorofa sita kwenda juu
hadi kwenye kiraka cha mbingu kisichozidi leso.
Madirisha yote ya jikoni yanachungulia humo.
Kamba za nguo zimepishana humo.
Na mimi niko chini kabisa.

Siku ya kwanza kilianguka kibanio cha nguo, cha kijani.
Siku ya pili, soksi ya mtoto, ina picha ya papa.
Siku ya tatu limau; nikalikamulia kwenye chai, sikumwuliza mtu.
Kisha kijiko.
Kisha nusu ya ugomvi wa Luani na mkewe
juu ya friji ya mkopo
(nusu ya pili ilibaki juu, kwa Kialbania).
Kisha vitunguu vya Tsehai, harufu tu,
ikishuka taratibu, kama mgeni aliyekula kwao
na bado anakaribia.

Wiki ya pili wakaanza kubisha hodi.
Samahani, shati la mume wangu.
Samahani, ni blanketi la paka, usicheke.
Nami mchana nasoma kamba za chuma na vizani,
usiku napanda ngazi na soksi za watu.

Bibi Evanthia wa ghorofa ya tano hakushuka.
Magoti. Tangu Pasaka hajakanyaga lami.
Nilimpelekea rimoti yake, imepasuka kifuniko.
Akaniuliza, kazi yako nini, mwanangu?
Nikasema, lifti.
Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.
Basi itengeneze!
Nikamwambia ukweli: bado hatujafika somo la breki.

Asubuhi ya kuondoka, kitu kikateremka shimoni
bila kuanguka. Sufuria, kwa kamba,
mfuniko umefungwa kwa taulo,
maharage meupe, ya moto, yana jani la karafuu ya kizungu au sijui nini.
Na sauti kutoka juu: Sufuria irudi!

Chombo cha watu hakirudi kitupu, hilo nalijua.
Lakini chumbani mlikuwa na nini?
Chumvi ya mpangaji aliyenitangulia. Mfuko wa chai, mmoja.
Nikaosha sufuria, nikaikausha kwa shati langu,
nikatia ndani vibanio vyote visivyodaiwa,
kumi na saba, cha kijani juu,
nikafunga fundo tulilofunzwa Jumanne,
nikavuta kamba mara mbili.

Ikapanda. Ikagonga ukuta kwa Luani, ikayumba,
ikapita dirisha la Tsehai, naye akaisukuma kidogo kwa mwiko
isinase.
Jengo zima, hiyo ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi.

Basi langu lilikuwa saa nne. Nilisubiri mkono utokeze.
Ukatokeza. Bibi akaniambia kitu, kirefu,
sikushika hata neno:
tayari alikuwa anaanika,
na kinywa kimejaa vibanio.